Moyo Ulioandikwa Jina Langu

"Nauliza tena, Mama. Hii barua umeisoma au hukuisoma?"

"Nimeisoma. Irudishe ulipoitoa."

"Umeisoma, halafu jana ukaingia majini."

"Niliingia majini kwa sababu jana ilikuwa siku ya kazi. Irudishe, nimesema."

Binti yangu hakuirudisha. Alisimama katikati ya jikoni, mfuko wangu wa kuzamia uko sakafuni umefunguliwa zipu zote, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka jirani akapunguza redio ili asipitwe na neno. Tulianza kugombana chai haijachemka. Sasa chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyekunywa.

Akaisoma kwa sauti, kama mwalimu anayemsomea mtoto makosa yake mbele ya darasa. "'Kipimo cha kukimbia kilisimamishwa dakika ya nne. Dalili zinaonyesha moyo haupati damu ya kutosha. Mhusika asizamie, asibebe vitu vizito, na afike kliniki mara moja akiwa na ndugu.' Akiwa na ndugu, Mama! Ndugu ni nani humu ndani kama si mimi? Na tarehe ni ya siku sita zilizopita."

"Tarehe najua kuisoma."

"Mficha maradhi..."

"Usiniletee methali asubuhi yote hii."

"Basi nakuletea maneno yako mwenyewe. 'Hakuna daktari, hakuna maji.' Nani anayasema hayo kila siku pale kituoni? Watu wazima na mvi zao wanakubembeleza, unawarudisha hotelini na miwani yao shingoni. Angekuja mtu na barua kama hii, ungemfanya nini?"

Ningemfukuza. Sote wawili tulilijua hilo.

Kituoni wananiita Mama Fomu, na sikuwahi kulichukia jina hilo. Nina diploma ya uendeshaji wa ofisi na leseni ya kuongoza wazamiaji, na kwa miaka ishirini na sita nimefanya kazi zote mbili mahali pamoja: naongoza watu chini ya maji, na juu ya maji natunza makaratasi yao. Fomu ya afya ina maswali kumi. Aliyevuka miaka arobaini na mitano ana maswali ya ziada: unavuta sigara, una presha, yuko ndugu wa damu aliyekufa kwa moyo? Jibu la "ndiyo" likiwa moja tu, mtu huyo haingii majini mpaka daktari asaini. Wazee wengi huweka "hapana" kuanzia juu mpaka chini bila hata kuvaa miwani ya kusomea. Mimi huwatazama. Nimemrudisha mwalimu mstaafu aliyejiwekea akiba miaka mitatu ili azamie mara moja, nikamwona anavyofuta macho kwa ncha ya taulo, na sikutetereka. Maji hayamwonei mtu huruma, nilimwambia. Wala mimi.

"Nyani haoni..." binti yangu alianza.

"Imalizie hiyo, uone."

Hakuimalizia. Alikaa juu ya kiti, barua akaiweka mezani, akaanza kulia. Hapo nikashindwa. Ugomvi nauweza, machozi ya mwanangu siyawezi. Nikataka tu anyamaze, nikasema jambo ambalo sikupanga kulisema.

"Acha kulia. Sina ugonjwa wowote. Huo si moyo wangu."

Akainua kichwa. "Barua ina jina lako."

"Jina ni langu. Moyo si wangu. Niliyempeleka kwenye kile kipimo ni mama yako mdogo."

Naliandika jambo hili kama lilivyokuwa, maana hakuna namna ya kulisema likapendeza. Sisi viongozi wa kuzamia tukishavuka arobaini na mitano tunapimwa kila mwaka. Mwaka jana daktari aliitazama presha yangu, akakunja uso, akasema safari ijayo atanikimbiza kwenye mashine, nyaya zikiwa kifuani. Miezi ikapita. Nikaanza kuona kwamba nikipandisha mitungi miwili ya hewa kwenye ngazi za gati, lazima nisimame katikati nijifanye natafuta funguo. Nina miaka hamsini na saba. Baba yetu alianguka bafuni akiwa na hamsini na nane. Kila mwaka, kwenye lile swali la ndugu wa damu, niliweka "hapana" kwa mkono huu huu unaoandika sasa.

Mdogo wangu ananifuata kwa mwaka mmoja na nusu, na tunafanana kama shilingi kwa ya pili. Tangu utotoni watu walikuwa wakimpa yeye salamu zangu na mimi wakinipa makofi yake. Sikumbuki siku aliyomeza hata kidonge cha kichwa. Anafanya kazi kwa dobi, amesimama kutwa, ana miguu kama nguzo. Kadi yangu ya kliniki ina picha ya miaka kumi na miwili iliyopita, ambayo hata mimi inabidi niikazie macho. Nikamwambia, nenda ukakimbie dakika kumi, uniletee majibu mazuri. Akacheka akasema, "Dada, kwa kukimbia tu? Ningekuwa nalipwa kwa kukimbia ningekuwa tajiri." Akaenda. Hajawahi kuniambia "hapana" maishani mwake, na mimi sijawahi kumpa nafasi ya kuisema.

Yote haya nilimweleza binti yangu kwa kifupi, nikiwa nimesimama, nikimwaga chai iliyopoa. Nilidhani atapumua. Mama yako ni mzima, mwanangu, furahi.

"Kwa hiyo anayeumwa ni Mama Mdogo," alisema polepole.

Nikaendelea kumwaga chai.

"Anajua?"

Mkono wangu ulikuwa na birika, birika ikabaki hewani.

"Mama. Barua ina siku sita. Mama Mdogo anajua kama moyo wake haupati damu?"

Hajui. Sikumwambia. Na lililo baya zaidi si kwamba nilimficha. Kumficha mtu ni lazima kwanza umkumbuke. Ile barua niliisoma mara tano, na mara zote tano niliona neno moja tu: *asizamie*. Siku ya kwanza nilipiga simu kliniki nyingine ng'ambo ya mji kuuliza kama wana mashine ya kukimbilia. Siku ya pili nilipanga nafasi huko. Siku ya tatu na ya nne nilihesabu wiki zilizobaki kabla cheti changu cha zamani hakijaisha, nikaona zinatosha. Daktari alipiga simu mara tatu, nikaiacha ilie. Nilikuwa mtu mwenye shughuli nyingi sana. Na katika shughuli zote hizo haikunipitia akilini hata mara moja kwamba karatasi ile ilikuwa inamhusu mtu anayepumua, ndugu yangu tumbo moja, aliye mtaa wa tatu kutoka hapa.

"Imeandikwa asibebe vitu vizito," binti yangu alisema. "Na yeye kutwa anabeba mashuka mabichi."

Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. Nilitamani arudie kupiga kelele.

Nilichukua simu, nikampigia mwenye kituo, nikamwambia leo sitakuja, nimepata dharura ya nyumbani. "Wewe? Dharura?" akasema. "Miaka yote hii sijakusikia na dharura. Haya, wageni nitawapa kijana mwingine awaongoze." Nikachukua barua na mkoba. Binti yangu alikuwa na zamu dukani saa tatu, akataka kuikosa anifuate, nikamkataza.

"Nikipiga simu mchana," alisema akiwa mlangoni, "nataka kumsikia Mama Mdogo mwenyewe. Wewe sitaki kukusikia."

Sijawahi kukubali maneno ya namna hiyo kutoka kwa mtoto niliyemzaa. Siku hiyo niliyapokea, nikafunga mlango.

Duka lao la dobi liko nyuma ya jengo la ofisi, chumba kirefu kisicho na dirisha, mashine sita za kufulia upande mmoja na meza za pasi upande mwingine. Ukiingia, mvuke unakupiga usoni kama umefunua sufuria. Mdogo wangu alikuwa kwenye mashine ya mwisho, ameinama, anavuta shuka lililojisokota na mengine. Nilisimama pale mlangoni nikamtazama kabla hajaniona. Akavuta shuka, akasimama. Akaweka kiganja kwenye ukingo wa mashine, akatazama ukutani kama mtu anayesoma tangazo. Ukutani hapakuwa na tangazo.

Kusimama kule nakujua. Ni kama kwangu kwenye ngazi za gati, nikitafuta funguo.

"Dada!" aliniona. "Leo umekuja kufua au kukagua? Fomu zetu tumeziacha nyumbani."

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, mwanamke mnene aliyekuwa anapiga pasi, akasema, "Huyu ndiye Dada Majimaji? Karibu, Dada. Hapa maji ni ya moto tu, na hakuna samaki."

"Weka hilo shuka chini," nilimwambia mdogo wangu.

"Nimalizie tu hili moja, likikaa..."

"Liweke chini!"

Nilipiga kelele. Chumba chote kikanyamaza isipokuwa mashine. Aliliweka. Nikamshika mkono nikamtoa nje, kwenye uchochoro wanakoanika nguo, tukasimama kati ya kamba mbili za taulo.

"Kifua kinakuuma?"

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

Alipangusa mikono kwenye aproni. "Hakiumi. Kinabana. Nikibeba ile beseni kubwa, kinabana hapa, na huu mkono unakuwa mzito kidogo. Nikikaa kinaachia."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu hivi. Uzee, Dada. Kwani wewe hubanwi?"

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwanao ana mambo yake, wanangu wako mbali. Wewe ndiyo usiseme, ukiingia nyumbani unatazama saa." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Kisha akaniinamia, akashusha sauti. "Tena Dada, nilitaka kukuambia, ile mashine yenu. Walinisimamisha. Niliona yule msichana anatazama kwenye kioo cha mashine, akamwita daktari, daktari akaizima. Nikadhani imeharibika. Daktari akaniambia nikae, anataka kuzungumza nami, nikaogopa ataniuliza mambo ya mitungi na mimi hata mtungi siujui. Nikamwambia nimeacha sufuria jikoni. Nikavaa viatu nikaondoka."

"Ukaniambia imekwisha salama."

"Ilikuwa imekwisha." Akanitazama usoni, akaiona barua mkononi mwangu. Na hapo akasema lile neno ambalo nikilala nalisikia, nikiamka nalisikia. "Majibu yametoka mabaya? Nimekuharibia kazi, Dada? Nisamehe. Siku ile sikuwa nimekula vizuri. Kama wanakubali nirudie, nitarudia, nitakimbia mpaka mwisho."

Aliniomba msamaha. Ana moyo usiopata damu, na ananiomba msamaha kwa sababu moyo huo haukufaa kazi niliyoupa.

Kuna mtu angepiga magoti. Mimi si mtu wa magoti, na kupiga magoti kungemchelewesha. Nilimsomea barua yote, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Alipoisikia tarehe alihesabu kwa vidole, kimya, akafika kwenye kidole cha sita akakikunja. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya ukuta.

"Twende basi," alisema. "Lakini tusitembee haraka."

Kliniki ilikuwa imejaa. Mapokezini alikuwapo karani kijana mwenye kucha ndefu, anagonga kompyuta kwa ncha ya kalamu. Nilimwambia nimemleta mdogo wangu, kifua kinambana, aonwe na daktari wa moyo.

"Ana faili hapa?"

Nilifungua mdomo, mdogo wangu akawahi.

"Sina. Ndiyo mara ya kwanza kuja."

"Mgonjwa mpya." Karani akagonga, akasoma. "Kwa daktari wa moyo nafasi ya karibu ni wiki tano. Kipimo cha kukimbia ni baada ya hapo. Kama ana rufaa au majibu ya kipimo, hapo ni tofauti, anapelekwa hospitali kubwa leo leo. Ana majibu yoyote?"

Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa kwapani.

"Tupe dakika moja," mdogo wangu alimwambia, akanivuta kwenye viti. Akakaa, akavuta pumzi mara mbili, akaongea na kanga yake ikiwa mdomoni ili watu wasisikie.

"Sikiliza, Dada. Tuchukue hizo wiki tano."

"Una wazimu."

"Ni nini wiki tano? Nimekaa nalo miezi mitatu. Nitaomba ruhusa kazini, sibebi kitu, nakaa kama bibi harusi. Hiyo barua ichane. Wewe kapime kwingine, upate cheti chako. Mimi nikifika zamu yangu nitapimwa kwa jina langu, na hakuna atakayejua. Tukisema leo, wewe umekwisha. Unadhani watakuacha? Mama Fomu mwenyewe?" Akajaribu kucheka. "Watu uliowarudisha watafanya sherehe."

Alikuwa amelifikiria lote, njia nzima kutoka kwa dobi, akitembea polepole. Na niseme ukweli, maana nisipousema hapa sitausema popote: nililipima. Haikuzidi muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu, lakini nililipima. Wiki tano. Mtu anaweza kukaa wiki tano. Niliona jinsi ambavyo ingewezekana, safi, bila kelele, mimi nikiwa kwenye mashua yangu na daftari langu la mizamio, na yeye amekaa nyumbani na feni. Kisha nikamwona baba bafuni, mlango umefungwa kwa ndani, na mimi na huyu huyu tukiwa nje tunagonga, tunaambiana labda maji yanapiga kelele hatusikii.

Alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, juu ya kiwiko, anausugua. Sidhani alijua kama anausugua.

Nikasimama.

"Dada, kaa chini."

Mlango wa daktari aliyeandika ile barua ulikuwa na watu saba mbele yake. Niliwapita wote. Mzee mmoja mwenye fimbo akasema, "Mama, hii ni foleni, si harusi, hakuna upande wa bibi." Nikamwambia anisamehe, nikagonga na kuingia hapo hapo.

Daktari alikuwa peke yake, anaandika. Aliponiona alivua miwani. "Hatimaye. Nimekupigia mara tatu. Unajua wewe ni mtu wa kwanza kunikimbia kutoka kwenye mashine na nyaya ziko... " Akanyamaza. Akavaa miwani tena, akanitazama vizuri, kutoka kichwani mpaka shingoni. "Wewe siye niliyempima."

"Siye. Uliyempima yuko pale nje kwenye kiti. Ni mdogo wangu. Kifua kinambana kwa miezi mitatu, mkono wa kushoto unakuwa mzito, na sasa hivi unamsumbua. Kadi ni yangu, jina ni langu. Nilimtuma mimi."

Hakuniuliza kwa nini. Alinipita kama mlango, akatoka, na nikamsikia akiita muuguzi. Walimwingiza mdogo wangu kwenye kiti cha magurudumu, wakamlaza kwenye kitanda cha nyuma ya pazia, wakampa kidonge akitafune, wakambandika nyaya. Mimi nilisimama pembeni ya mzani wa kupimia uzito. Hakuna aliyeniambia nikae na sikukaa. Nikasikia daktari anamuuliza jina lake, lake hasa, na mdogo wangu akachelewa kujibu kwa sababu alikuwa anatazama kwenye pazia kama naweza kumpa ruhusa.

"Mwambie," nikasema.

Akamwambia.

Daktari alirudi mezani baada ya muda ambao sikuupima. "Anakwenda hospitali kubwa sasa hivi. Nikimpeleka na majibu ya kile kipimo, wanampokea na wanaanza. Nikimpeleka bila majibu, wanaanza mwanzo, na kumrudisha kwenye mashine katika hali ile sitaki." Akaweka faili mbele yangu, faili yangu, jina langu limeandikwa kwa wino mzito. "Majibu yako humu. Siwezi kuyatoa kwenye faili yako na kuyatia kwenye faili ya mtu mwingine kwa mdomo. Inatakiwa maandishi. Na nikiwa na maandishi hayo, nakala moja inakwenda kituoni kwenu, na nyingine inakwenda kwa waliokupa leseni. Siandiki nusu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na wako? Moyo wako wewe uko wapi?"

"Haujapimwa."

"Siku hizi sita umeshusha watu wangapi chini?"

Hesabu yangu ni nzuri siku zote. "Kumi na mmoja."

Alinitazama. Afadhali angenitukana. Mtu ukitukanwa unapata pa kushika. Yeye aliandika tu ile namba pembeni ya karatasi, kumi na moja, akaizungushia duara. Watu kumi na mmoja waliokuwa wamenipa fomu zao, mmoja wao mwanamke wa miaka sitini na mbili niliyemtuma kwa daktari mara mbili kabla sijamruhusu, akanishika mkono kule chini alipoogopa, nami nikamwonyesha kidole gumba kwamba yuko salama na mimi.

Kutoka nyuma ya pazia mdogo wangu akasema, sauti nyembamba, "Daktari, kosa ni letu sote. Mimi nilikubali."

"Wewe nyamaza, upumue," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo alivyo, Daktari," akasema. "Hata nikiwa nakufa atanipangia namna ya kufa."

Muuguzi akacheka, akajizuia. Mimi nilivuta kiti cha wagonjwa, nikakaa.

"Nipe karatasi," nilimwambia daktari.

"Naweza kuandika mimi, wewe ukasaini."

"Hapana. Ukiandika wewe utaniandikia vizuri."

Akanipa karatasi na kalamu. Niliandika jina langu lote, la kwanza, la baba na la babu, na umri wangu. Niliandika kwamba vipimo vya tarehe fulani katika faili hii si vyangu, ni vya mdogo wangu, nikaandika na jina lake lote, ambalo nusu yake ni langu. Niliandika kwamba nilimtuma mimi, kwa kuwa niliogopa kupimwa. Niliandika kwamba barua niliipata siku sita kabla na sikumwambia. Daktari akasema hilo la siku sita halihitajiki kwa rufaa. Nikaliacha. Niliandika kwamba baba yetu alikufa kwa moyo na kwamba kwa miaka kumi na miwili nimejibu "hapana" kwenye swali hilo. Nikaandika watu kumi na mmoja. Nikasaini, nikaisukuma upande wake wa meza.

Alipokuwa anapiga mihuri niliomba simu yake ya mezani. Namba ya kituo naijua bila kutazama. Mwenye kituo alipokea akiwa na kelele za mitungi nyuma yake.

"Ni mimi," nikasema. "Futa jina langu kwenye ubao."

"La leo nimeshafuta."

"Futa la kesho, na la wiki ijayo, na la mwezi ujao. Cheti changu si cha kweli. Daktari atakuletea barua, isome yote. Wageni niliowashusha wiki hii wapigie mmoja mmoja uwaambie kiongozi wao hakuwa na ruhusa. Usiniwekee maneno ya kunistiri."

"Mama Fomu, unasema nini wewe? Uko wapi?"

"Niko kliniki. Fomu za watu wa kesho ziko kwenye droo ya juu. Wawili wamevuka arobaini na mitano, na mmoja wao daktari wake hajasaini. Usimruhusu."

Nikakata. Muuguzi alikuwa ameshafungua pazia, mdogo wangu yuko kwenye kiti cha magurudumu, karatasi za rufaa zimewekwa mapajani mwake, juu kabisa jina lake. Gari la hospitali lilikuwa limeshafika uani, injini inaunguruma. Nikashika mpini mmoja wa kile kiti, muuguzi akashika mwingine, tukamsukuma kwenye ukumbi kupita wale watu saba, na yule mzee mwenye fimbo akavuta miguu yake tukapita.